Mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Mtwara na Lindi: kuanza utafiti wa magonjwa ya uzeeni kwa hamira, hadubini na daftari

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi yupo babu anayemeza dawa ya presha kila asubuhi, yupo bibi ambaye jicho lake moja limefunikwa na mtoto wa jicho, au yupo mzee wa jirani ambaye mkono wake wa kulia umepooza tangu alipopata kiharusi. Mwanafunzi anayeishi na wazee hawa, anayewasindikiza hospitali ya Ligula au ya Sokoine na kukaa nao kwenye benchi mbele ya dirisha la wazee, anayafahamu magonjwa ya uzeeni kwa karibu zaidi kuliko anavyodhani. Anachokosa ni namna ya kukigeuza kile anachokiona nyumbani kiwe swali linaloweza kupimwa.

Nimefundisha Baiolojia katika shule za sekondari za ukanda huu kwa miaka mingi, na nimeona wanafunzi wengi wakivutiwa na bayoteknolojia, yaani utaalamu wa kutumia viumbe hai na seli zao kutengeneza vitu kama dawa, kwa majuma mawili matatu, kisha hamu yao ikapoa baada ya kuambiwa kwamba kazi hiyo inataka mashine ambazo hazipo Kusini. Kinachoihifadhi hamu hiyo, kwa nilivyoona, ni swali moja dogo ambalo mwanafunzi amelifuatilia mwenyewe mpaka likampa jibu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufika hapo kwa vitu vinavyopatikana Masasi, Newala, Nachingwea au Kilwa, na baadaye unaonesha njia ya masomo inayoendelea mbele.

Hatua ya kwanza: anza na mzee unayemfahamu

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu kuwa mzee anapofikisha miaka 60. Chukua daftari jipya ambalo halitatumika kwa somo jingine lolote, kisha uende kwa mzee wa ukoo wako, umwamkie, na umweleze kwa lugha anayoitumia nyumbani kwamba unajifunza kuhusu afya ya wazee na ungependa kumsikiliza. Muulize alianza lini kuona mabadiliko, ni jambo gani lilikuwa la kwanza, na kama wazazi wake au ndugu zake walipata hali kama hiyo. Kutokana na majibu yake, chora ukoo wa vizazi vitatu ukionesha nani alikuwa na nini na katika umri gani, lakini badala ya majina tumia alama tu.

Sikiliza pia maneno yenyewe. Mzee anayesahau majina ya wanawe na kupotea njia ya shambani mara nyingi husemwa kuwa “amerudi utotoni”, na wapo wanaosingiziwa uchawi kwa sababu ya mwenendo wao uliobadilika. Hali hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa ubongo. Daktari Alois Alzheimer alieleza mgonjwa wa aina hiyo mwaka 1906 nchini Ujerumani, na hapa kwetu watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakathibitisha kwamba ugonjwa wa kusahau upo vijijini Tanzania kama ulivyo kwingineko. Mwanafunzi akilielewa jambo hili na kulieleza vizuri nyumbani kwao, tayari amefanya kazi yenye manufaa kabla hajagusa hadubini.

Hatua ya pili: elewa kinachochakaa ndani ya seli

Usijaribu kusoma kila kitu kuhusu uzee. Chagua mambo mawili, uyaelewe mpaka uweze kumfafanulia mdogo wako.

Jambo la kwanza ni protini zinazoharibika umbo. Pasua yai bichi uutazame ute wake ulio angavu, halafu uchemshe. Ute huo unakuwa mweupe na haurudi tena kuwa angavu, kwa kuwa joto limekunjua protini zake nazo zikashikamana. Lenzi ya jicho imejaa protini ambazo mwili hauzibadilishi maisha yote. Zinapoharibika polepole kwa miaka na kushikamana, mwanga unazuiliwa na ndipo mtoto wa jicho hutokea. Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini ziitwazo beta-amiloidi na tau hujikusanya ndani ya ubongo. Katika ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, ambao James Parkinson aliueleza mwaka 1817, inayojikusanya ni alfa-sinukleini. Ni magonjwa matatu yenye sura tofauti kabisa kwa mtazamaji wa nje, na yote yana protini zilizoshindwa kubaki katika umbo lake.

Jambo la pili ni ukomo wa kugawanyika. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake walionesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika takriban mara 40 hadi 60, kisha zikasimama. Sehemu ya sababu iko katika telomea, yaani ncha za kromosomu, ambazo kwa binadamu ni herufi za DNA TTAGGG zinazorudiwa maelfu ya mara na ambazo hufupishwa kila seli inapogawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kuifumbua kazi ya telomea.

Hatua ya tatu: chagua kiumbe unachoweza kukichunguza

Huwezi kumsubiri binadamu azeeke ili upate jibu, na watafiti wenyewe hawafanyi hivyo. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionesha kwamba badiliko katika jeni moja, daf-2, lilirefusha maisha ya mnyoo wenye urefu wa milimita moja takriban mara mbili, na uchunguzi huo uliwezekana kwa sababu mnyoo huyo huishi majuma mawili au matatu tu. Mwanafunzi wa Kusini anaye kiumbe rahisi zaidi, nacho ni hamira inayouzwa dukani kwa ajili ya maandazi na vitumbua.

Hamira si mzaha katika sayansi hii. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilikamilika kusomwa mwaka 1996, ikiwa ya kwanza miongoni mwa viumbe ambao seli zao zina kiini, na ina jeni takriban 6,000. Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kutumia hamira kueleza jinsi seli inavyokusanya takataka zake na kuzitumia upya, kazi ambayo hulegea seli inapozeeka.

Hatua ya nne: jaribio la hamira, siku 14

Swali letu ni hili: je, kiasi cha sukari katika chakula cha hamira kinabadilisha muda ambao seli zake zinabaki hai baada ya kuacha kuongezeka? Watafiti wamekwisha kuona kwamba kupunguza sukari kutoka asilimia 2 hadi asilimia 0.5 hurefusha uhai wa hamira, kwa hiyo unalo jibu la kulinganisha na lako. Kwa anayeanza jambo hilo ni faida kubwa, kwa kuwa atajua kama mikono yake inafanya kazi sawasawa.

Menya gramu 200 za viazi mviringo, uvikate vipande vyembamba na uvichemshe katika lita moja ya maji kwa nusu saa. Chuja, kisha uongeze maji mpaka lita irudi. Gawa mara mbili; katika nusu lita ya kwanza weka gramu 10 za sukari, na katika ya pili gramu 2.5, ukitumia mizani ya maabara na si kijiko. Mimina mililita 150 katika kila chupa safi ya kioo, upate chupa tatu za kila aina, na mililita 50 zinazobaki za kila aina uziweke katika chupa ndogo. Ziba midomo ya chupa kwa pamba, funika pamba kwa karatasi ya alumini, kisha uzichemshe katika sufuria ya presha kwa dakika 20 tangu presha inapofika juu. Hatua hii haina mkato. Mwaka wa kwanza nilipoifanya na darasa langu tulitumia chupa zilizosuuzwa kwa maji ya moto pekee, na siku ya nne zote zilikuwa na ukungu mweusi juu. Wanafunzi waliokuwa na ari kubwa kuliko wote waliumia, na kosa lilikuwa langu mwalimu.

Chupa zikipoa kabisa, tia hamira kidogo, kiasi cha ncha ya kisu, katika chupa ndogo yenye sukari nyingi, uiache usiku mmoja. Usitie hamira kavu moja kwa moja katika chupa kubwa, kwani punje za dukani zina seli nyingi zilizokufa tangu kiwandani na zitakuharibia hesabu. Kesho yake tikisa chupa ndogo, na kwa sirinji mpya isiyo na sindano hamisha mililita moja kwenda katika kila chupa kubwa. Chupa ndogo ya pili usiitie hamira. Ikichafuka, utajua kwamba uchemshaji wako haukutosha. Weka zote katika kabati lenye giza na uzitikise taratibu kila siku, maana hamira huhitaji hewa. Usizibe kwa vifuniko vya kukaza, kwa kuwa gesi inayotoka inaweza kupasua chupa.

Mwombe mtu asiyehesabu akuandikie herufi A hadi F juu ya chupa na kuficha orodha ya ipi ni ipi mpaka siku ya mwisho. Jicho la mtafiti anayelijua jibu analolitaka huelekea kuliona jibu hilo, hata akiwa mkweli.

Kuanzia siku ya tatu, kisha siku ya 5, ya 8, ya 11 na ya 14, chukua tone moja kutoka kila chupa, ulichanganye na tone moja la methilini bluu ya asilimia 0.01 juu ya slaidi. Kama rangi ya shule ni ya asilimia 1, changanya mililita moja yake na mililita 99 za maji. Subiri dakika tano, kisha utazame kwa ukuzaji wa mara 400. Seli iliyo hai huiondolea rangi hiyo ubluu wake, kwa hiyo huonekana nyeupe. Seli iliyokufa hubaki ya bluu. Usikawie, kwani slaidi ikikaa muda mrefu rangi yenyewe huanza kuua seli. Hesabu seli 200, na kabla hujaanza amua utafanyaje na seli changa iliyochipua ubavuni mwa mama yake. Sisi tuliihesabu peke yake iwapo tu ilifikia nusu ya ukubwa wa mama, na kanuni hiyo tuliiandika ukurasa wa kwanza. Zikiwa zimesongamana mno, punguza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukipata seli 34 za bluu kati ya 200, zilizo hai ni 166, yaani asilimia 83. Tafuta wastani wa chupa tatu za kila aina, uchore grafu ya siku dhidi ya asilimia iliyo hai, na juu ya kila wastani uoneshe pia chupa ya juu kabisa na ya chini kabisa ili msomaji aone jinsi matokeo yalivyotawanyika.

Kila unapohesabu, chovya pia karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa asidi, katika tone jingine. Hamira inayokula sukari nyingi hutoa asidi asetiki, ile ile ya siki, na asidi hiyo ni sehemu ya kinachoiua. Hapo ndipo swali la pili linapozaliwa: je, hamira imeuawa na wingi wa sukari au na asidi iliyotokana nayo? Mwanafunzi anayefika katika swali hilo na kubuni mwenyewe jaribio la kulijibu ameanza utafiti, na mwalimu wake anapaswa kumwachia nafasi.

Yapo mambo mawili ya kukiri wazi katika ripoti. Maji ya viazi yana sukari na wanga wake, hivyo asilimia 0.5 yako si kamili. Vilevile hamira haiwezi kukuambia bibi yako ale nini. Inakuonesha kwamba chakula cha seli na uhai wake vimefungamana, basi. Ukimaliza, chemsha chupa zote kabla ya kumwaga.

Hatua ya tano: tumia simu kusoma insulini

Kwa zoezi hili unahitaji intaneti na saa moja. Ingia katika hifadhi ya protini ya UniProt, ambayo ni ya bure, utafute insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu: ya binadamu kwa namba P01308, ya nguruwe kwa P01315 na ya ng’ombe kwa P01317. Kila herufi utakayoiona ni asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha protini. Andika herufi za mnyororo A, zilizo 21, na za mnyororo B, zilizo 30, uziache sehemu nyingine ambazo mwili huzikata. Zipange moja chini ya nyingine kwa kalamu. Utaona mwenyewe kwamba insulini ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa asidi amino moja tu, mwishoni mwa mnyororo B, na ya ng’ombe kwa tatu.

Tangu miaka ya 1920 wagonjwa wa kisukari walichomwa insulini iliyotolewa katika kongosho za wanyama hao. Mwaka 1978 wanasayansi waliweza kuifanya bakteria itengeneze insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa Marekani. Baadaye hamira nayo ikafundishwa kazi hiyo hiyo. Kwa mzee Mwislamu wa Kilwa au Mikindani ambaye anajali asili ya dawa anayochomwa, habari hii ina uzito wake, na mjukuu anayeweza kumweleza kwa adabu na kwa usahihi anamwondolea wasiwasi wa kweli.

Kuna sababu nyingine ya kuzoea hifadhi hizi mapema. Sehemu kubwa mno ya watu waliochunguzwa jeni zao duniani ni wenye asili ya Ulaya, ilhali jeni za Waafrika zina tofauti nyingi zaidi na zimekwisha kutoa mafunzo makubwa. Mabadiliko ya jeni PCSK9 yanayoshusha mafuta ya lehemu katika damu yaligunduliwa miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika mwaka 2005, na kufikia mwaka 2015 dawa za kulinda moyo zilizotokana na ugunduzi huo zilikuwa zimeruhusiwa. Aina ya jeni APOE inayoongeza hatari ya Alzheimer huko Ulaya ilionekana kuwa na nguvu ndogo zaidi kwa Wayoruba wa Ibadan. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wanahitaji wanasayansi wao wenyewe katika kazi hii.

Hatua ya sita: mipaka isiyovukwa

Usimtoe mtu damu, usimpime mzee sukari kwa kipimo ulichoazima, na usimwambie mtu kwamba ana ugonjwa fulani. Presha ya 140 kwa 90 na zaidi, au sukari ya milimoli 7.0 kwa lita na zaidi kabla ya kula, ni viwango ambavyo mhudumu wa afya huvitumia pamoja na vipimo vya kurudia. Wewe kazi yako ni kumshauri mzee aende zahanati. Utafiti wa afya unaohusisha watu huhitaji kibali cha kamati ya maadili, na kwa taifa kamati hiyo iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mazungumzo yako na mzee wa ukoo ni ya kujifunzia, na hata hayo yafanyike kwa ridhaa yake, akijua kwamba anaweza kunyamaza wakati wowote.

Jihadhari pia na wauzaji wa vidonge na maji ya “kurudisha ujana” wanaotumia maneno kama seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) na telomea ili kuwatoza wazee fedha za korosho msimu unapofunguliwa. Ukiyaelewa maneno hayo, waonye watu wako.

Hatua ya saba: onesha kazi yako, kisha ufuate masomo

Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, huandaa maonyesho ya kitaifa ya miradi ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari. Jaribio la hamira linafaa kupelekwa huko, lakini kwanza lioneshe shuleni kwako na mbele ya wazazi, kwa Kiswahili, bila kusoma karatasi.

Kwa kidato cha tano, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia ndio unaofungua milango mingi zaidi, na Kemia, Baiolojia na Jiografia nao unafaa. Usiidharau Hisabati, kwa sababu bayoteknolojia ya leo ni nusu hesabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya biolojia ya molekuli na bayoteknolojia, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina ya bayoteknolojia na sayansi za maabara, Muhimbili hufundisha sayansi za maabara ya tiba, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha hupokea wanaotaka shahada za juu. Asiyepata alama za kidato cha sita anaweza kupitia stashahada ya maabara na kupanda kutoka hapo. Nimewaona waliofanya hivyo wakiwa na mikono hodari kuliko wenzao.

Huna haja ya kusubiri chuo ili kuona wanasayansi kazini. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kiko jirani na mji wa Mtwara, nacho ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mkorosho, si ugonjwa wa uzeeni, lakini usafi wa vifaa, utunzaji wa sampuli na uandishi wa kumbukumbu ni ule ule. Mwombe mwalimu wako aandike barua ya ukurasa mmoja kupitia kwa mkuu wa shule, ikitaja idadi ya wanafunzi, tarehe mbili mnazoweza, na maswali matatu mahususi mnayotaka kujibiwa. Ambatanisha grafu yenu ya siku 14, na kama kuna chupa mliyoipoteza kwa ukungu, iwe imeandikwa humo kama ilivyotokea.